Matawi ya Msiba Mbele ya Gari la Mgonjwa

Ni Alhamisi, adhuhuri imepita kidogo, na Roselyn Oduori anaosha godoro la gari lao la wagonjwa. Amelilaza juu ya mbao mbili uani kwake, Malaba, na analisugua kwa maji ya sabuni na dawa. Milango ya nyuma ya gari iko wazi ili jua liingie. Asubuhi walimpeleka hospitali ya Busia mzee mwenye kisukari, na godoro hilo halilaliwi na mgonjwa mwingine kabla halijakauka. Hiyo ni kanuni ya Roselyn mwenyewe. Hakuna aliyemwandikia.

Mumewe, Opolot Emojong, yuko chini ya gari akikaza nati za bomba la moshi. Anasikia burashi ikianguka. Halafu hasikii kitu.

"Mama Sharlyne?"

"Niko," Roselyn anajibu. Lakini amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu, mkono umeshika tumbo upande wa kushoto. "Kuna kitu kimekatika huku ndani."

Hakujua kwamba ni mjamzito. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na mchana huo ilipasuka. Hayo mumewe aliyajua jioni, wakati hayakuwa na kazi tena.

Umepita zaidi ya mwaka mmoja sasa. Emojong ana miaka arobaini na minne. Anaongea polepole, sauti chini, kama mtu aliyezoea kuongea karibu na wagonjwa. Tulipomtembelea alituonyesha gari kwanza, nyumba baadaye.

"Kaa mbele," aliniambia. "Nyuma ni pa Roselyn."

Kabla ya kazi hii Emojong alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala. Usiku mwingi wa ujana wake aliulala kwenye foleni ya malori inayosubiri kuvuka mpaka hapa Malaba. Huko ndiko wazo la gari la wagonjwa lilikomjia.

"Niliona dereva mwenzangu akifa kwa malaria ndani ya lori lake, injini bado moto," anasema. "Kila mtu pale alikuwa na gari. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kugeuza."

Alinunua gari dogo la abiria lililotumika, akang'oa viti, akachomelea kitanda na kuweka king'ora na taa nyekundu juu. Roselyn, mzaliwa wa Butula, alikuwa amefanya kazi ya usaidizi wodini katika zahanati ndogo ya kwao. Hakuwa muuguzi. Lakini alijua kumgeuza mtu bila kumuumiza, alijua kufunga kidonda, na alijua ni wakati gani wa kumwambia dereva apunguze mwendo na ni wakati gani wa kumwambia asijali mashimo.

"Mimi nilikuwa naendesha tu," anasema Emojong. "Ambulensi ilikuwa ni yeye."

Leonida Adongo, jirani yao mwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara, anakumbuka kwamba Roselyn aliongea na mgonjwa njia nzima, hata asiyesikia.

"Anamuuliza, sasa mihogo yako umeacha na nani? Mtu kimya. Anamwambia, haya, ukikataa kujibu nitaenda kuing'oa mwenyewe nikaange." Leonida anacheka, kisha anaacha. "Kuna mmoja aliamka Busia akauliza, yuko wapi huyo mwanamke anataka mihogo yangu?"

Kama magari mengi ya kazi hiyo mpakani, gari la Emojong lilibeba wagonjwa na pia lilibeba maiti. Safari moja ya maiti hadi Siaya ililipa kuliko wagonjwa wanne wa Busia. Bila wafu, wagonjwa wasingepata gari.

Huku kwetu gari lenye maiti hufungwa matawi mabichi mbele, juu ya boneti, na waendesha pikipiki wanaolisindikiza hushika matawi mkononi. Ni heshima, na pia ni taarifa. Anayekutana nalo husimama pembeni. Wanaume huvua kofia. Hata madereva wa malori, ambao kwenye foleni ya Malaba hawampishi mtu, hupisha majani.

"Dereva wa Kongo hajui Kiswahili, hajui Kiteso, lakini majani anajua," anasema Emojong. "Hakuna anayetaka kumchelewesha marehemu. Wanasema atakufuata."

Roselyn alikuwa na sheria kali juu ya matawi hayo. Hayakurudi na gari. Yalibaki nyumbani kwa marehemu. Na kama kuna mgonjwa ndani, hata kama foleni imefika wapi, hayakuguswa. Mara moja jamaa wa mgonjwa walitaka kuyafunga ili wapite upesi. Roselyn alishuka akasimama mbele ya boneti.

"Mtu anayepumua havalishwi majani," aliwaambia. "Mkitaka kumzika, mshusheni kwanza."

Si yeye tu aliyejua nguvu ya majani. Wafanya magendo nao walijifunza. Kwa muda magari yenye matawi yamekuwa yakikamatwa hapa mpakani yakiwa na magunia ya sukari na madumu ya pombe kali badala ya jeneza. Kwa hiyo gari la majani likifika kwenye kizuizi cha polisi, askari huomba kibali cha mazishi, na wakati mwingine husema: fungua tumwone.

Kanuni za kaunti kuhusu magari ya wagonjwa zilianza kutumika miezi michache kabla ya Alhamisi ile. Zinasema gari la kubeba wagonjwa lisibebe maiti, na la maiti lisibebe wagonjwa. Kila gari likaguliwe na kupewa leseni ya daraja lake. Daraja la kwanza ni la dharura, na lazima liwe na oksijeni pamoja na mhudumu aliyesomea huduma za dharura. Daraja la pili ni la kusafirisha wagonjwa walio imara, wanaoweza kukaa. King'ora na taa ni vya daraja la kwanza peke yake.

Jacinter Onyuka, afisa wa ukaguzi, anazitetea bila kupaza sauti.

"Tulimpata mmoja na mtungi wa oksijeni aliouokota. Mtupu. Ameupaka rangi vizuri, mpira umeunganishwa, mgonjwa amevalishwa barakoa na anavuta hewa ya bure. Mwingine alitoka mochari akapitia moja kwa moja kumchukua mtoto mchanga. Sasa wewe uniambie, niwaache?"

Emojong hambishii. Wala Roselyn hakubisha. "Alifurahi," anasema mumewe. "Alisema wale wanaobeba watu kama magunia sasa watakoma. Alianza hata kuuliza chuo cha kusomea hiyo dharura kiko wapi. Alitaka cheti."

Wakaguzi walipita Malaba siku moja asubuhi na kuondoa ving'ora na taa kwenye magari yote ambayo hayakuwa na leseni. Wenye magari waliambiwa waombe, wasubiri ukaguzi, na wakati wanasubiri waendelee kubeba wagonjwa, ila kimyakimya.

"Waliondoka na king'ora changu ndani ya kiroba," anasema Emojong. "Nikasema sawa. Nikaomba leseni wiki ile ile. Ukaguzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, mara gari lao limeharibika, mara afisa yuko mafunzoni. Nilikuwa nasubiri tu."

Alikuwa bado anasubiri burashi ilipoanguka.

Alipiga simu kwanza kwa gari la dharura la kaunti. Aliambiwa limepeleka mgonjwa Butula na likirudi litakuja. Akamwita Leonida. Waliweka blanketi juu ya kitanda, kwa kuwa godoro lilikuwa bado limelowa, wakamlaza Roselyn, na Leonida akapanda nyuma mahali ambapo Roselyn hukaa.

Mchana huo foleni ya malori ilikuwa imevuka Amagoro. Mtandao wa forodha ulikuwa umekwama tangu usiku, na madereva walikuwa wameziba njia zote mbili, trela kando ya trela, wengine wamelala chini ya malori yao, wengine wakipika ugali kwa majiko ya gesi. Emojong alipiga honi. Aliwasha taa za mbele. Alishuka akaomba.

"Mgonjwa gani, na hiyo ni matatu?" dereva mmoja alimuuliza. "Kila mtu hapa ana mgonjwa, boss."

Gari halikuwa na king'ora. Halikuwa na taa juu. Maandishi yaliyokuwa ubavuni yalikuwa yamepakwa rangi kwa amri ya wakaguzi, mpaka leseni itoke.

Dereva wa Uganda, mtu mzima aliyekaa juu ya tairi la akiba akimenya ndizi, alimhurumia. Alitazama ndani ya gari, akatikisa kichwa.

"Ssebo, bwana, hawa hawatoki," alimwambia. "Kama ungekuwa na maiti, sawa. Hapa bila maiti hupiti."

Kando ya barabara palikuwa na mkaratusi mchanga. Emojong anasema hakumbuki kuamua. Anakumbuka mikono yake ikinuka utomvu. Alivunja matawi manne, akayafunga kwenye boneti kwa kamba ya kufungia kitanda, akarudi kwenye usukani.

Malori yalianza kusogea.

"Yalifunguka kama pazia," anasema Leonida, ambaye aliona kupitia dirisha dogo lililo kati ya dereva na mgonjwa. "Wanaume wanaamka kutoka chini ya magari, wanavua kofia. Mmoja akapiga ishara ya msalaba. Na mimi nimemshika mkono, mkono una joto, ananibana vidole."

Roselyn alikuwa amelala akitazama upande ule ule. Aliona majani yakicheza juu ya kioo.

"Majani ya nani hayo?" aliuliza.

"Ya kupitisha gari tu, mama Sharlyne," Leonida alimjibu.

Roselyn aliyafuata majani kwa macho. Leonida alidhani amekasirika. Lakini aliposema tena, alisema kwa sauti ya kazi, ile aliyotumia kila siku kumwelekeza mumewe akiwa nyuma.

"Basi mwambie tukiyapita malori asimame ayatoe. Asifike nayo kwa polisi."

Leonida aligonga dirisha. Alimpa Emojong maneno hayo kama alivyoyapokea.

"Nilimsikia," anasema Emojong. "Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini barabara ilikuwa imefunguka. Baada ya kukaa pale kama jiwe, gari linakimbia! Nikasema nikisimama nafungua kamba, nafunga tena mlango, huo ni muda. Nikasema polisi nitawaeleza. Mimi si mwizi, watu wananijua."

Kwenye kizuizi walikuwepo askari watatu, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Walikuwa wameletwa kutoka kwingine, kwa sababu waliokuwepo kabla yao walishukiwa kula na wafanya magendo. Sajenti aliweka mkono kwenye boneti, juu ya majani.

"Pole kwa msiba. Kibali?"

"Afande, si maiti. Ni mgonjwa. Ni mke wangu, anavuja damu ndani."

"Mgonjwa na majani?"

"Malori, afande. Malori yalikataa."

"Jana kulikuwa na mwingine," sajenti alisema akiwageukia wenzake. "Yeye alisema ni bibi yake. Bibi alikuwa na kilo hamsini kila gunia." Wakacheka. "Zima gari. Leta ufunguo. Zunguka nyuma pole pole."

Walifungua. Waliona mwanamke amelala juu ya blanketi, na mwingine amekaa kando yake akilia. Askari mmoja alisema huenda wamelalia kitu. Wakaomba Leonida ashuke. Wakainua ukingo wa blanketi, wakamulika chini ya kitanda. Ni sajenti mwenyewe aliyeona midomo ya Roselyn imekuwa myeupe na kupiga kelele kwa wenzake waache.

"Alirudisha ufunguo kwa mikono miwili," anasema Emojong. "Alipanda pikipiki yao akatutangulia mpaka langoni kwa hospitali. Sina ugomvi na yule mtu. Alifanya vile majani yalimwambia afanye."

Roselyn aliaga dunia kwenye korido, akisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Daktari alimwambia Emojong kwamba damu nyingi ilikuwa imemwagikia ndani tangu nyumbani, na kwamba pengine hata wangefika mapema mambo yangekuwa yale yale. Emojong alimuuliza pengine hiyo ni kubwa kiasi gani.

Matawi yalikuwa bado kwenye boneti alipotoka nje.

Wiki iliyofuata, siku ya kuutoa mwili mochari Busia na kuurudisha Malaba, wakwe zake walikuja kutoka Butula na matawi ya kutosha magari matano. Emojong alikataa. Shemeji yake mkubwa, Obuya, alidhani huzuni imemchanganya.

"Emojong, dada yetu ataingia nyumbani vipi bila majani? Kama gunia la mkaa?"

"Ameshayavaa," Emojong alisema.

"Ameyavaa lini?"

Leonida alikuwepo, naye alimvuta Obuya pembeni akamweleza. Obuya alirudi, akachukua matawi yote na kuyatupa nyuma ya ukuta wa mochari. Walisafiri hivyo hivyo, magari manne bila jani hata moja. Walipofika kwenye malori, hakuna aliyewapisha, maana hakuna aliyejua. Mwili wa Roselyn ulikaa kwenye foleni jua likiwaka, kama mzigo mwingine wowote, na waombolezaji walishuka wakakaa kwenye nyasi.

"Hapo ndipo nililia," anasema Obuya, ambaye leo humtembelea shemeji yake karibu kila mwezi. "Kaburini sikulia. Nililia kwenye foleni."

Jacinter Onyuka alihudhuria mazishi. Alikaa nyuma, hakutaka kutambulishwa.

Kwa miezi kadhaa gari lilikaa uani. Sharlyne, binti yao wa kidato cha tatu, alilifunika kwa turubai. Vijana wa stendi walimpa baba yake jina. Akipita sokoni walikuwa wakiita, "Majani! Leo umebeba nani?" Leonida aliwarushia maji ya kuoshea vyombo zaidi ya mara moja. Emojong mwenyewe hakuwahi kugeuka.

"Wanataka nikasirike," anasema. "Kama wangekuwa wanasema uongo ningekasirika. Lakini ni kweli. Nilimvalisha."

Ukaguzi ulikuja mwishowe. Jacinter alilizunguka gari, akapima kitanda, akatazama mikanda. Gari lilikuwa safi kuliko mengi aliyoyaona. Lakini halikuwa na oksijeni ya kudumu, na kiti cha nyuma hakikuwa na mtu mwenye cheti. Hakikuwa na mtu kabisa.

Alimweleza Emojong kwamba njia iliyo rahisi ni kulisajili gari kuwa la maiti. Hakuna masharti ya mhudumu, ada ni ndogo, na leseni ingetoka wiki ile ile. Kazi pia ingekuwa nyingi. Kwa mjane mwenye mtoto shuleni, alidhani anampa habari njema.

"Alinitazama kama nimemtukana," anasema Jacinter. "Akasema, madam, andika wagonjwa. Hata kama ni wale wanaotembea wenyewe, andika wagonjwa."

Alipewa daraja la pili.

Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi, alfajiri, Emojong huwapitia watu wanne wa Malaba na vijiji vya jirani ambao figo zao hazifanyi kazi, na kuwapeleka Busia kusafishwa damu. Huwasubiri na kuwarudisha. Hakuna haraka, hakuna king'ora. Foleni ikiwa ndefu, huondoka mapema zaidi.

Tulisafiri nao Alhamisi moja. Mzee Ogutu, mwalimu mstaafu, ndiye msemaji wa kundi. Alipanda akishikilia mlango, akatazama boneti, akatikisa kichwa.

"Dereva, leo pia hujaniwekea majani? Nimechoka kukaa foleni na hawa Waganda."

Nilidhani Emojong ataumia. Lakini alicheka kwa pua.

"Mzee, majani nitakuwekea ukimaliza kulipa nauli ya Machi."

"Basi nitaishi sana," alisema Mzee Ogutu, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Baadaye, wakiwa wameunganishwa kwenye mashine, mzee huyo alinieleza jambo ambalo Emojong hakunieleza. Kabla gari hili halijapata leseni, kundi lao lilikuwa la watu sita. Walikuwa wakienda kwa pikipiki na kurudi kwa pikipiki, wakiwa wamelegea baada ya kusafishwa. Mmoja alianguka njiani. Mwingine aliacha kwenda.

"Leseni yake ikifutwa leo, sisi tumekwisha," alisema. "Andika hivyo. Usiandike ni mtu mzuri, hilo kila mtu anaandika. Andika hilo."

Emojong anataka daraja la kwanza. Ameshazungumza na msichana wa Busibwabo aitwaye Winny, aliyemaliza kusomea huduma za dharura na ambaye bado hajapata kazi. Winny yuko tayari kuja Malaba ikiwa atahakikishiwa mshahara, na mshahara huo hautokani na wagonjwa wanne. Emojong anafikiria kuungana na mwenye gari mwingine, wachangie mhudumu mmoja na mtungi mmoja. Jacinter anasema kanuni hazikatazi. Dirisha la maombi litafunguliwa tena mwaka ujao.

"Nataka kile kiti kikaliwe," anasema. "Kikaliwe na mtu anayejua. Mtu akiwa nyuma akisema simama, mimi nisimame."

Siku ya mwisho ya ziara yetu, saa tisa mchana, pikipiki iliingia uani ikiwa na watu watatu. Katikati alikuwa mwanamke mjamzito, gauni limelowa damu kuanzia kiunoni. Nyuma yake mumewe alikuwa amemkumbatia asianguke. Walikuwa wametoka upande wa reli, na kila waliyemuuliza aliwaelekeza kwa mtu mwenye gari.

"Baba, fungua," alisema mume. "Tafadhali fungua tu, tuende."

Emojong alikuwa na ufunguo mkononi. Alitazama gari. Alimtazama mwanamke, ambaye hakuweza kukaa wima. Akamwita Leonida alete kanga na kiti, halafu akarudisha ufunguo mfukoni na kutoa simu.

"Gari la kaunti liko wapi?" alisema kwenye simu. "Matayos? Likitoka hapo linafika saa ngapi? Sawa. Mwanamke, mimba kubwa, damu. Hawezi kukaa. Nimesema hawezi kukaa. Ndiyo, mwambie dereva foleni imefika Amagoro."

"Na hili gari?" mume aliuliza. "Hili gari hapa lina kazi gani?"

"Haliruhusiwi kumbeba."

"Haliruhusiwi na nani? Mimi nimeruhusu! Huyu ni bibi yangu!"

Emojong alimwambia aongee na mkewe, asiache kuongea naye, amuulize chochote. Alimwambia mwanamke alale kwa ubavu wa kushoto, na Leonida akatandika kanga chini. Walisubiri. Mwendesha pikipiki ndiye aliyechoka kwanza. Alisema akipita katikati ya malori atafika hospitali kabla gari la kaunti halijaondoka Matayos, na mume akakubali. Walimwinua mwanamke, wakamweka tena katikati yao, kichwa chake kikaegemea mgongo wa mwendeshaji. Emojong hakuwazuia. Alishika lango mpaka wakatoka.

Jioni mume alimpigia Leonida. Walifika. Mama alikuwa hai. Mtoto hakuwa hai.

Emojong alisikiliza akiwa amekaa mbele ya gari, mlango wazi. Aliuliza jina la mama huyo, akaambiwa. Kisha akaenda kuangalia upepo wa magurudumu, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya figo.

Leseni ya daraja la pili inamruhusu kubeba mgonjwa anayeweza kukaa. Mgonjwa wa Malaba asiyeweza kukaa husubiri gari kutoka Busia, au hupanda pikipiki.